Maelezo Kuhusu Rangi katika Picha za Ubongo
Wananchi wanaarifiwa kwamba rangi nyekundu na manjano zionekanazo katika picha za ubongo za kipimo cha MRI si rangi za ubongo wenyewe. Hizo ni picha mbili zilizowekwa moja juu ya nyengine. Ya chini huonesha umbile, kwa vipande vya kiasi cha milimita 1. Ya juu huonesha kazi, yaani mabadiliko ya oksijeni katika damu, njia iliyoelezwa na Seiji Ogawa mwaka 1990. Vipande vyake ni vya milimita 3 hivi, na kwa hivyo ina ukungu.

Kompyuta huisogeza na kuizungusha picha moja hadi ilingane na ya pili. Hapo ndipo penye hatari. Karibu na pua na masikio, hewa huipotosha picha ya kazi. Rangi ikikaa pembeni kwa milimita chache tu, na daktari akaiamini anapoondoa uvimbe ulio jirani na sehemu ya usemi, mgonjwa aweza kuamka hana maneno.

Aidha, rangi hutokana na hesabu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimpima samaki aliyekwisha kufa, na hesabu isiyosahihishwa ikampaka rangi ubongoni! Ndiyo maana madaktari wengi huthibitisha kwa kuugusa ubongo kwa umeme mdogo wakati wa upasuaji, mgonjwa akiwa macho na akizungumza.