Mita ya Umeme na Haki ya Anayeitumia

Katika nyumba zetu nyingi za Unguja na Pemba kimo chombo kimoja kisichokuwa na mwenyewe. Redio ina mwenyewe, cherehani ina mwenyewe. Lakini mita ya umeme ni ya wote: ya bibi, ya wajukuu, ya mpangaji wa chumba cha uani, na hata ya mgeni aliyeshuka bandarini jana. Leo hatukusudii kuzungumzia bei ya umeme, wala waya upitao chini ya bahari kutuletea umeme huo kutoka Bara. Tunakusudia kuuzungumzia uso wa mita yenyewe: vitufe vyake, kioo chake na taa zake.

Jioni moja tulimkuta jirani yetu, mama mtu mzima, amekaa barazani gizani, karatasi ya tokeni i mkononi. Fedha amekwisha kulipa. Alikuwa akimngoja mjukuu wake arudi masomoni aje ambonyezee. "Wanangu," alituambia, "umeme ninao mkononi, ila nyumbani mwangu haujaingia."

Maneno hayo yametukaa moyoni. Mama yule si mjinga. Amelea watoto saba, na faida ya biashara yake huihesabu kwa kichwa pasi na kalamu. Kilichomshinda ni chombo kilichobuniwa bila ya yeye kukumbukwa. Wahenga walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Natutazame kazi anayotakiwa kuifanya. Tokeni moja ina tarakimu 20. Mwaka 1956 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, George Miller, alieleza kwamba akili ya binadamu hushika kwa mara moja mambo yapatayo saba tu, lakini mambo hayo yakifungwa mafungu mafungu, mzigo hupungua. Ndiyo sababu tokeni huandikwa nne nne. Sisi tuliopitia chuoni hatukuhitaji kungoja wataalamu kulijua hilo. Mwalimu wetu hakutupa sura nzima kwa siku moja. Alitupa kipande, tukakishika, ndipo akatuongeza. Basi karatasi ikigawa nne nne, na kioo cha mita nacho kigawe vivyo hivyo, ili aliyekosea tarakimu ya kumi na mbili alione kosa lake, alifute hilo peke yake, wala asilazimike kuanza upya.

Tutazame na vitufe. Kwenye simu, 1, 2 na 3 ziko juu; kwenye mashine ya kukokotolea hesabu, juu ziko 7, 8 na 9. Mpango wa simu haukuzuka ovyo. Wataalamu wa maabara za Bell huko Marekani waliwapa watu mipangilio mbalimbali waijaribu, wakapima haraka yao na makosa yao, na matokeo wakayatoa mwaka 1960. Simu ya vitufe ilifika kwa wateja mwaka 1963. Funzo letu ni hili: hata jambo dogo kama mahali pa kitufe, watu waliulizwa kwanza kwa vidole vyao.

Gharama ya kutouliza ilidhihirika mwaka 2024. Mfumo wa tokeni unaotumika katika nchi nyingi ulikuwa ukihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi yake ya kuhesabia ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Ili mita zisije zikakataa tokeni mpya, ilibidi kila moja iingizwe kwanza tokeni mbili za matengenezo, ndipo ifuate ile ya umeme: tarakimu 60 kwa jumla. Jambo lililokuwa hesabu ya mitambo likawa kazi ya vidole vya bibi zetu.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu watendaji, khasa wanaoandika masharti ya zabuni, wayazingatie haya. Kwanza, mita isinunuliwe kabla ya kujaribiwa na wananchi wa kawaida, wazee na wenye macho hafifu wakiwamo. Wao watie tokeni, na makosa yao yahesabiwe. Pili, kioo kiseme Kiswahili, kwani alama ya kosa isiyoeleweka ni sawa na mlango uliofungwa pasi na sababu. Tatu, zipo mita ambazo sehemu ya vitufe hukaa mbali na mita yenyewe. Mita ikiwa juu nguzoni, vitufe vikae ndani ya nyumba, kimo cha kifua, penye mwanga. Nne, mlio wa kuonya kwamba uniti zinakwisha usikike na wakaazi wote, si na yule tu ambaye chumba chake kiko karibu.

Wananchi nao wana wajibu wao. Kila nyumba na ibandike kando ya mita karatasi yenye maelezo kwa maandishi makubwa: namna ya kutia tokeni, na namna ya kutazama salio. Wapangaji waandike daftarini nani alinunua uniti ngapi na lini, kwani mita huonesha kilichobaki, haioneshi nani alikitumia, na ugomvi mwingi wa uani hauna chanzo kingine. Na vijana, badala ya kuwabonyezea wazee wao kila siku, wakae nao wawafundishe.

Maendeleo hayapimwi kwa wingi wa mitambo iliyofungwa ukutani. Hupimwa kwa wingi wa watu wanaoweza kuitumia pasi na kumngoja mtu. Siku jirani yetu atakapoitia tokeni yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, ndipo tutakaposema kwamba umeme umefika nyumbani kwake.