Raita ya Masi: tango likamuliwe kwanza

Baada ya kipindi cha wiki iliyopita wengi mmeniuliza kuhusu ile raita niliyoitaja juu juu tu. Haya, leo naieleza yote.

Kwa ambaye hajawahi kuionja: raita ni mtindi wa Kihindi uliochanganywa na tango au kitu kingine na viungo kidogo, unaliwa baridi kando ya biriani au mchuzi mkali. Sisi watu wa pwani tuna kachumbari, ambayo hata jina lake lilitoka India, lakini kachumbari nayo ina pilipili ndani. Haikuokoi.

Na mimi nilihitaji kuokolewa. Nilikuwa na miaka 12, Idi, hapa Leicester. Mjomba amekuja kutoka Mombasa, biriani ya mama siku hiyo ni moto mtupu. Nikabugia glasi mbili za maji, ndiyo kwanza ukazidi. Mjomba akacheka: "Huyu mtoto wa Ulaya huyu!" Jirani yetu Masi (ndivyo Wagujarati wanavyomwita khalati) akainuka kimya kimya, akaenda kwake, akarudi na bakuli. Vijiko viwili tu, nikaendelea kula kama wenzangu.

Si uchawi. Kinachochoma kwenye pilipili kinaitwa kapsaisini, na hakiyeyuki vizuri kwenye maji. Maji yanakisambaza tu mdomoni. Maziwa yana mafuta, na yana protini iitwayo kaseini inayokishika na kukiondoa ulimini. Kwa hiyo usinunue mtindi uliotolewa mafuta. Na soma kopo vizuri! Mimi nishawahi kumpelekea Masi mtindi wa vanila, alicheka mpaka akatafuta kiti.

Sasa kazi yenyewe. Kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya: anakata tango, anamwagia mtindi na chumvi, na baada ya nusu saa ana supu. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye tango, utake usitake. Basi acha iyavute mapema. Kwaruza tango moja, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, liache dakika 15. Halafu likamue kwa mikono, kwa nguvu, kama unafua. Maji yatakayotoka yatakushangaza.

Kaanga kijiko cha chai cha uzile (wengine mnaita bizari nyembamba) kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, mpaka unukie. Ni dakika moja hivi, usiende kushika simu. Uponde. Piga vikombe viwili vya mtindi mzito mpaka ulainike, tia tango, uzile, nanaa iliyokatwakatwa na sukari kidogo sana. Chumvi onja kwanza, maana tango limeshabeba yake. Weka kwenye friji mpaka chakula kiive.

Hiyo ndiyo ya kila siku. Ya Masi ina haradali iliyopondwa, inayopanda puani, na mara nyingine ndizi mbivu badala ya tango. Najua, najua. Onja kwanza.

Masi alizaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la kule kuwaambia wasije huku. Walikuja. Kiswahili chake alikuja nacho, kile cha dukani na jikoni: lete, weka, osha, kamua, haraka. Mama ndiye aliyeligundua hilo kabla yangu, na hakulipenda. "Hicho ni Kiswahili cha kumtuma boi," alisema, na kwa muda hakutaka niende kule.

Nilikwenda tu. Binamu zangu wa Mombasa nikifungua mdomo wananicheka, Masi hacheki. Siku moja nikamwuliza mbona hasemi "naomba" au "tafadhali." Akakaa kimya, kisha akasema: "Hiyo mimi hapana jua. Nani nilikuwa naomba? Mimi nilikuwa natuma." Hakusema zaidi, na mimi sikumchimba. Nilipomwambia mama, hakujibu kitu, ila Idi iliyofuata alimpelekea sahani ya biriani mwenyewe, kwa mkono wake.

Siku hizi vidole vya Masi vimekakamaa, hawezi kukamua, kwa hiyo kila Jumamosi nakamua mimi. Jumamosi iliyopita nilifikiri nimemaliza, akachungulia bakuli.

"Naomba kamua tena," akasema.

Kweli, lilikuwa bado na maji.