Barobaro wa Sachangwan, wa Japani na wa Mtaani Kwetu

Wengi wetu huku Pwani tukisikia jina Sachangwan twakumbuka moto wa lori la mafuta wa Januari 31, 2009, uliowaua zaidi ya watu mia moja kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Nilipopita huko likizo ya Disemba nilikuta habari nyingine: nyimbo, magari yaliyofungwa majani, na vijana waliotoka jandoni wakirudishwa makwao kwa shangwe.

Wakalenjin wa sehemu zile huwatahiri wavulana mwisho wa mwaka, shule zikifungwa. Siku hizi kisu mara nyingi ni cha daktari, lakini kisu ndicho kitu kidogo. Kubwa ni zile wiki za kukaa faraghani na walimu wao, waitwao motirenik, wakifunzwa heshima, siri na kazi ya mwanamume. Akitoka, kijana anaingia katika rika lenye jina, kama Maina, Chumo, Sawe au Kaplelach. Majina haya huzunguka na kurudi baada ya karne moja hivi, kwa hiyo kijana ajua nani kamtangulia na nani yu nyuma yake. Kwa wasichana, ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na ziko jamii zinazowapa mafunzo bila kuwakata.

Huko Japani nako wana siku yao, iitwayo Seijin no Hi, Jumatatu ya pili ya Januari. Ni sikukuu ya taifa. Wasichana huvaa kimono za mikono mirefu, vijana huitwa ukumbini na serikali ya mji, na wakubwa huwahutubia. Aprili 2022 umri wa utu uzima ulishushwa kutoka miaka 20 hadi 18, lakini miji mingi imeendelea kuwaita wa miaka 20, kwa kuwa wa miaka 18 wameshughulika na mitihani.

Na sisi je? Dini yetu imelimaliza suala la umri: mtoto akibaleghe, swala na saumu ni juu yake, na kalamu yaanza kumwandika. Wasichana walikuwa na somo au kungwi wa kuwafunda. Lakini mvulana wetu hutahiriwa angali mdogo, wengine wachanga kabisa, hata hakumbuki. Akibaleghe hakuna anayemketisha kitako. Akifika miaka 18 serikali yamtaka kitambulisho, na hapo ndipo wengi wa vijana wetu hukutana na utu uzima mara ya kwanza: kwenye foleni, ambako kwa miaka mingi waliulizwa babu yao alizaliwa wapi.

Kijana asiyeambiwa na wazee kuwa sasa ni mtu mzima ataambiwa na wengine. Maskani yatamwambia, na muuza unga pia.

Sisemi tuige jando la bara wala kimono. Nasema madrasa zetu zina mahafali, misikiti yetu ina wazee. Tukiwaita barobaro wetu mara moja kwa mwaka, baada ya swala ya Alasiri, tukawaeleza wajibu wao mbele ya baba zao, hatutapungukiwa na kitu. Mkunje samaki angali mbichi.