Gari Linalogoma Likipata Joto

Katika kata ya Rubafu, kaskazini ya mji wa Bukoba, ambako barabara hupanda vilima na kuteremka hata kufika mialoni kwenye Ziwa Victoria, gari la kuchukua samaki aghalabu huwasili injini imekwisha kushika joto barabara, likazimwa mitumbwi ingali majini, kisha shehena ikapakiwa pamoja na barafu yake, na dereva anapozungusha ufunguo hukuta gari limegoma. Saa moja baadaye, barafu imeanza kuchuruzika chini ya sakafu na wenye mali wamelalamika vya kutosha, gari lile lile huwaka kwa jaribio moja. Na kesho yake asubuhi, likifikishwa gereji mjini likiwa baridi, fundi hulijaribu, hulisifu, na kumrudishia mwenyewe.

Hapo ndipo fedha za watu huanza kupotea, kwa maana fundi asiyeuona ugonjwa kwa macho hushawishika kuubuni: leo atabadili plagi, wiki ijayo betri, mwezi ujao pampu ya mafuta, na kila kifaa kipya kitaonekana kimeponya mpaka safari ya pili ya mwaloni. Gari la namna hii ni sawa na mgonjwa wa homa ya vipindi anayefika zahanati homa imeshuka. Halina budi kupimwa saa ile ile linapoumwa, na kwa kuwa saa ile fundi hayupo, mpimaji wa kwanza ni dereva. Kukaa kivulini likapoa kabla ya kutazama lolote, ingawa ni jambo la raha, ni kuuacha ushahidi upotee.

Ifahamike kwanza kwamba joto halianzi kushuka mara injini inapozimwa. Pampu ya maji imesimama, upepo wa mwendo umekatika, na joto lililomo ndani ya chuma hutambaa kwenda kwenye stata, koili, sensa na mabomba ya mafuta, ambavyo kwa dakika kadhaa hupata moto kuliko vilivyokuwa gari likienda. Ndiyo sababu gari lililozimwa kwa dakika mbili dukani huweza kuwaka bila taabu, na likizimwa kwa dakika 20 likakataa katakata.

Swali la kwanza ni kama stata inaizungusha injini au haiizungushi. Ikiwa haizunguki, au inazunguka kwa uzito, basi mafuta na plagi hazina hatia, na utafutwe umeme wa kuwashia: vichwa vya betri, waya unaounga injini na bodi, na stata yenyewe. Shaba ikitoka nyuzi 20 kufika nyuzi 100 za joto huzidi kuuzuia umeme kwa karibu theluthi moja, na stata ambayo kaboni zake zimelika, tena iliyofungwa jirani na ekzosi, haina nguvu ya akiba ya kulishinda zuio hilo. Ukisikia mlio mmoja mkavu tu, gia iwekwe huru, breki ya mkono ivutwe, na msaidizi aigonge stata polepole kwa mpini wa spana huku ufunguo ukizungushwa; ikiamka, ishushwe ikatazamwe kaboni. Madereva wa nchi ya vilima wana hila yao ya kuegesha gari likitazama mteremko, wakaliwasha kwa kuliserereshea. Hila hiyo huokoa safari, lakini huficha maradhi kwa miezi, wala haifai kitu kwa gari la gia za otomatiki.

Ikiwa injini inazunguka kwa wepesi na bado haishiki, gari la petroli linakosa ama cheche ama mafuta, au limepata mafuta kupita kiasi. Fungua swichi bila kupiga stata, ukatege sikio kwenye tenki: katika magari mengi ya sindano pampu huvuma kwa sekunde moja au mbili. Kimya huelekeza kwenye pampu, fyuzi au relei. Na magari ya Honda ya miaka ya 1980 na 1990 yalijulikana sana kwa relei kuu ambayo risasi yake ya kuungia waya ilipata nyufa, ikaachana joto likizidi na kushikana tena likipungua. Harufu kali ya petroli ni dalili ya kuzidi mafuta. Kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini kisha upige stata, kwa kuwa kompyuta nyingi za magari huelewa amri hiyo na kufunga sindano.

Pampu ikivuma na harufu isiwepo, mshukiwa mkubwa ni sensa ya krenki, yenye uzi mwembamba wa shaba uliozongwa ndani yake, ambao huweza kukatika kwa joto na kuungana tena kwa baridi. Mshale wa mizunguko ukilala kwenye sifuri huku stata ikizungusha, shuku huzidi. Na kifaa cha kusomea kompyuta kikitoa namba P0335, shuku hukaribia yakini. Kifaa hicho kisipotoa namba yoyote, hiyo si ithibati ya afya, ingawa mafundi wengine hukichukulia hivyo. Magari ya zamani yenye kabureta yana udhia wao mwingine, petroli kugeuka mvuke bombani, na huku ambako uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari petroli huchemka mapema kuliko pwani.

Dizeli ina habari yake peke yake, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Toyota Hiace na Land Cruiser nyingi za dizeli za zamani zina pampu ya mzunguko, ambayo bastola yake imekaa ndani ya kichwa cha pampu kwa nafasi ya sehemu chache za elfu ya milimita. Nafasi hiyo ikilika, dizeli baridi, kwa uzito wake, bado husukumika mpaka kwenye nozeli. Lakini dizeli iliyopata joto huwa nyepesi, ikavuja kando ya bastola, na kwa mwendo mdogo wa stata nozeli haipati msukumo wa kuifungua. Chota maji ziwani, lowesha kitambaa, ukifunge juu ya pampu injini ikiwa imezimwa, ukiongeza maji kidogo kidogo na kuepusha nyaya, kwa sababu maji mengi ya ghafla huweza kuikwamisha pampu. Gari likiwaka baada ya dakika chache, pampu imelika, na hakuna plagi za joto wala betri mpya itakayolitibu. Mafuta ya taa yaliyochanganywa katika dizeli huharakisha ulikaji huo, kwa kuwa ulainishaji wake ni hafifu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuyatia mafuta vinasaba mwaka 2010 ili kuuzuia uchanganyaji huo, lakini kinga hiyo haimfikii anunuaye dizeli ya madumu kando ya njia.

Matengenezo yakimalizika, gari lisipokelewe likiwa baridi uani kwa fundi. Mwambie, kwa adabu, "Fundi, tupande nalo mlima kwanza," mwende hata injini ishike joto lake, mlizime kwa dakika 20, kisha uzungushe ufunguo yeye akiwa kando yako, na salio la ujira liwe bado mfukoni.