Bure kwa Maana Zake Mbili

Msomaji mmoja wa Mombasa, ambaye nduguye anaishi Leicester, ameniandikia akilalamika kwa adabu kubwa kwamba nduguye huyo alipewa bure, katika nchi ile ya Uingereza, mashauri ya kila juma ya kumwezesha kuacha sigara, akaacha, akapongezwa na jamaa, na mwezi wa tano akaonekana nyuma ya nyumba na sigara mdomoni; naye anauliza kama huduma ile ya bure haikuwa, kwa maana ya pili ya neno hilo hilo, bure. Lugha yetu ina ukali wake: kitu kisicho bei na kitu kisicho faida imevipa jina moja.

Madhara ya moshi sitayaeleza, maana yamekwisha chapwa juu ya pakiti. Nakiri kwamba malalamiko yana asili: huduma hizo zilianza mwaka 1999, na wataalamu waliowafuatilia watu wa sehemu mbili za Uingereza walikuta kwamba katika kila 100 waliojiwekea siku ya kuacha, zaidi ya 50 walikuwa hawavuti juma la nne, na mwaka ulipotimia walikuwa wamebaki 15 hivi ambao pumzi zao, zilipopimwa kwa chombo kinachotambua kaboni monoksidi, ziliwashuhudia.

Kwa nini wengine hurudi? Neno lililoenea ni uraibu, na wengi walitumialo leo hawana habari kwamba wazee wa pwani waliita uraibu ile tambuu yenyewe pamoja na popoo, chokaa na tumbaku, iliyotafunwa barazani na kutemwa. Jina la kitafunwacho likahamia kwa hali ya mtafunaji asiyeweza kuacha, uhamisho ambao mimi nauona wa insafu kabisa. Siridhiki vivyo hivyo na neno kipokezi, lililoundwa kwa ajili ya vile vijisehemu vya seli za ubongo vinavyopokea ujumbe, kwa sababu kila nilisikiapo namwona mtu mdogo amesimama mlangoni na sinia. Ningependelea hamali, na sababu yake ni hii.

Tuseme ubongo ni bandari, na mahamali wamejipanga gatini wakingoja jahazi la asetilkolini, mjumbe wa ubongo wenyewe, ambalo hushusha mzigo wake kwa kiasi, na hamali akiutua mzigo mmoja hurudi kuupokea mwingine. Siku moja hutokea nahodha mgeni, nikotini, mwenye muhuri wa kughushi uliofanana na ule wa halali hata karani wa forodha asiweze kuutambua, naye hufika kwa kasi ya ajabu, maana kutoka pumzi ya kwanza ya sigara mpaka gatini ni kiasi cha sekunde 10 hadi 20. Mahamali huupokea mzigo wake, bandari ikafurahi. Lakini mzigo huo hautuliki upesi, mikono hufa ganzi, na liwali wa bandari, aonapo kazi imesimama ilhali watu wamejaa gatini, huamuru waajiriwe wengine, na wengine tena, mpaka wakawa wengi kupita mahitaji ya bandari yoyote yenye akili. Usiku nahodha hutweka tanga, kwa kuwa nusu ya nikotini huondoka damuni kila saa mbili hivi. Ganzi ikatoka, na alfajiri jeshi zima la mahamali huamka pamoja na mikono mitupu, wakipiga kelele za kudai mzigo. Hizo ndizo kelele azisikiazo mvutaji kabla hajanawa uso, na ndiyo maana sigara ya asubuhi huiona tamu kuliko zote. Nahodha asiporudi tena, liwali hupunguza watu pole pole, na picha za ubongo wa walioacha zaonyesha kwamba idadi yao hurejea kawaida baada ya majuma 6 hadi 12.

Sasa tazama kama msaada wa bure huwa bure kweli. Kati ya miaka 1986 na 1989, katika vituo 10 vya Marekani na Kanada, waliandikishwa wavutaji 5,887 wa umri wa miaka 35 hadi 60, na theluthi mbili yao wakapewa bila malipo mikutano 12 kwa majuma 10 na chingamu ya nikotini, waliobaki wakaachiwa matabibu wao wa kawaida. Baada ya miaka 5, waliokuwa wameacha moja kwa moja walikuwa 22 katika 100 upande wa kwanza, na 5 upande wa pili. Mwaka wa 11, katika kila 100 waliokuwa wameufikisha mwaka wa 5 bila sigara, 93 walikuwa bado hawavuti. Baada ya miaka 14 na nusu, vifo vyote vikiwa 731, upande uliosaidiwa ulipoteza watu 8.83 kwa kila 1,000 kwa mwaka, na upande wa pili 10.38, na katika hesabu hiyo wamo wote waliosaidiwa wakashindwa, ambao ndio wengi. Kweli, hao walikuwa watu ambao mapafu yao yalikwisha anza kuziba. Lakini nani anayesubiri kundi la malaika ndipo ahesabu?

Limebaki neno moja, nalo halinipendezi. Mwezi wa tano mahamali wa yule bwana wa Leicester walikuwa wamekwisha achishwa kazi zamani, na mfano wangu wote wa bandari haumwelezi. Kilichompeleka nyuma ya nyumba ni kitu kingine, na msomaji wangu, aliyeniandikia kurasa tatu juu ya sigara, hakutaja ndugu yake alikuwa amesimama pale na nani.