Taka za Hospitali Haziishii Hospitali: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Huduma za Afya, Ipogolo

Ipogolo imekaa bondeni, chini ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Jirani yake hupita Mto Ruaha Mdogo, ambao maji yake husafishwa na kusambazwa kwa wakazi wa Manispaa, na ambao mbele ya safari hujiunga na Ruaha Mkuu na kuingia katika bwawa la Mtera. Kwa mkazi wa bondeni, jambo moja halihitaji ushahidi: kinachotupwa mlimani huteremka na mvua.

Kwa sababu hiyo, taka zinazotoka wodini, maabara, chumba cha kujifungulia au duka la dawa si shauri la wahudumu wa afya peke yao. Mgonjwa, ndugu anayemuuguza na jirani wa kituo wote wana haki ya kulindwa dhidi ya taka hizo. Wana pia sehemu yao ya kazi, nayo ni kutenganisha taka pale pale zinapozalishwa.

Sehemu ndogo iharibuyo nyingine yote

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 85 ya taka zitokanazo na huduma za afya ni taka za kawaida, kama vile karatasi, maganda ya matunda, mabaki ya chakula na maboksi. Asilimia 15 iliyobaki ndiyo yenye hatari: sindano na nyembe, bandeji zenye damu, kondo la nyuma, sampuli za maabara, dawa zilizokwisha muda na kemikali.

Sindano moja ikitupwa katika pipa la maganda ya ndizi, pipa zima huwa taka hatarishi, na kila atakayeligusa huwa hatarini. Ndiyo maana vituo vya afya hutumia mapipa ya rangi tofauti. Pipa la bluu au jeusi ni la taka za kawaida. Pipa la njano ni la taka zenye maambukizi, kama pamba na bandeji zilizotumika. Pipa jekundu ni la taka zenye maambukizi makubwa zaidi. Sindano na vitu vyote vyenye ncha kali huwekwa katika kisanduku maalumu kigumu, ambacho hufungwa kinapofikia robo tatu na hakifunguliwi tena.

Ndugu wa mgonjwa anapoingia wodini na chakula, aulize pipa lipi ni la mabaki. Swali hilo dogo huokoa kazi kubwa.

Moto hauondoi kila kitu

Wengi huamini kuwa kilichochomwa kimekwisha. Kwa taka za hospitali, imani hiyo ni ya hatari. Mirija na baadhi ya mifuko ya maji ya dripu hutengenezwa kwa plastiki aina ya PVC, yenye klorini. Plastiki hiyo ikichomwa kwa moto hafifu, katika shimo la wazi au katika tanuru lisilofikia joto linalotakiwa, huzalisha sumu ziitwazo dioksini na furani. Sumu hizo hudumu miaka mingi katika udongo na hujikusanya katika mafuta ya wanyama. Kuku anayechakura majivu hayo huweza kuzipeleka katika mayai, na mama katika maziwa anayomnyonyesha mtoto. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unazitaja miongoni mwa kemikali zinazopaswa kupunguzwa na, inapowezekana, kukomeshwa kabisa.

Tanuru linalofaa huwa na vyumba viwili, na katika chumba cha pili moshi huunguzwa kwa joto lisilopungua nyuzi 850 za Selsiasi. Majivu yake huzikwa katika shimo lililojengewa kwa ajili hiyo. Hayapelekwi bustanini wala hayaachwi wazi.

Iko pia njia isiyohitaji moto. Taka zenye maambukizi huweza kuuliwa vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, katika joto la nyuzi 121 au zaidi, kisha zikasagwa na kutupwa pamoja na taka za kawaida. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa kimataifa wa kubuni mitambo ya namna hiyo inayoweza kutengenezwa hapa nchini. Mvuke, hata hivyo, hauondoi sumu ya dawa, kemikali wala zebaki. Hivyo hata mtambo bora unategemea utenganishaji uliofanywa mwanzo.

Zebaki katika kipimajoto

Kipimajoto cha kioo chenye mstari wa fedha ndani yake kina zebaki. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini vipimajoto na vipimashinikizo vya zebaki, isipokuwa kwa misamaha maalumu. Tanzania imeridhia mkataba huo. Hata hivyo, vifaa vya zamani bado vinaweza kuwamo kabatini. Zebaki ikifika mtoni, vijidudu vya majini huigeuza kuwa sumu inayojikusanya katika samaki, na madhara yake makubwa humpata mtoto aliye tumboni.

Kipimajoto kikivunjika nyumbani, watoe watoto chumbani na ufungue madirisha. Usifagie, kwa kuwa ufagio huitawanya zebaki katika chembe ndogo zaidi. Vaa glavu, zikusanye chembe kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, uziweke katika chupa yenye kifuniko na uipeleke kituo cha afya. Usiimwage chooni wala usiichome. Unaponunua kipimajoto kipya, chagua cha kidijitali.

Taka za hospitali zilizomo nyumbani

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini mara mbili kwa siku hutumia zaidi ya sindano 700 kwa mwaka iwapo kila mara anatumia mpya. Sindano hizo zikienda jalalani, huwafikia wazoa taka, waokota chupa na watoto wanaotafuta cha kuchezea. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Fanya hivi:

1. Weka sindano iliyotumika, bila kuirudishia kifuniko, katika chupa ya plastiki ngumu yenye mdomo mpana, kama ya sabuni ya maji. Usitumie chupa laini ya maji ya kunywa wala chupa ya kioo.
2. Andika juu yake: SINDANO, USIFUNGUE. Iweke mbali na watoto.
3. Ikifika robo tatu, ifunge kwa kifuniko na gundi ya karatasi, uirudishe kituo unakopata huduma.
4. Dawa zilizobaki au zilizokwisha muda usizimwage chooni, mtaroni au mtoni, wala usimpe jirani. Zirudishe kwa mfamasia au kituo cha afya. Viuavijasumu vinapoingia majini huwazoeza vijidudu kustahimili dawa.
5. Bandeji na nepi zifungwe katika mfuko usiovuja kabla ya kuwekwa katika pipa la taka.

Ukichomwa na sindano iliyotupwa

Osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usilikamue, usilinyonye, wala usipake dawa ya kufulia. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianza mapema, na kwa vyovyote ndani ya saa 72. Hutumika kwa siku 28. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mtoto akichokonolewa na sindano jalalani, usimchape kwanza: mtoto anayeogopa fimbo huficha jeraha, na saa hizo 72 hupita kimya.

Haki yako, na mahali pa kuidai

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inazuia pia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Shimo la taka lililochimbwa karibu na Ruaha Mdogo, kwa hiyo, si jambo la kunyamaziwa.

Ukiona sindano zimezagaa, shimo la kondo lisilo na mfuniko, uzio uliobomoka au moshi mzito unaorudiarudia, anza na mganga mfawidhi au kamati ya usimamizi wa kituo husika. Eleza ulichokiona, mahali na tarehe. Usiguse kitu chochote ili kupata ushahidi. Picha iliyopigwa kwa mbali yatosha, isiyoonyesha sura za wagonjwa. Usipopata jibu, mwone afisa afya wa kata au mwenyekiti wa mtaa, kisha Halmashauri ya Manispaa. Masuala ya uchafuzi wa mazingira hupokelewa pia na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na ya dawa na vifaa tiba na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Anza leo na kilichomo nyumbani mwako. Tafuta chupa ngumu kwa ajili ya sindano, kagua dawa zilizokaa kabatini, na safari ijayo ya kliniki uende nazo.