KOMPYUTA INAJIZIMA IKIPATA INTANETI: TUFANYE NAMNA GANI?

Leo tunaeleza jambo moja linalosumbua nyumba nyingi, hapa Baraka na kule Fizi. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri bila intaneti. Siku ile wanaiunganisha na simu, inaanza kukwama, inajizima, tena inawaka yenyewe. Ju ya nini?

Wengine wanasema mashini imekwisha. Wengine wanasema tufute vyote, tuweke Windows upya. Tusikimbilie huko! Ndani yake mnaweza kuwa pointi za darasa zima, ao kazi ya mwenzetu anayejitayarisha kwa Examen d'État. Kufuta ni dakika chache, lakini kurudisha ni shida kubwa.

Sababu ni hasa ine.

1. Mzigo. Windows iliyokaa siku nyingi bila intaneti inataka kuvuta masahihisho yake yote kwa mara moja. Antivirusi nayo inavuta yake. Kompyuta yenye memori ndogo, mfano GB 2, inalemewa. Hapo haijafa, imechoka tu. Tupunguze vitu kwenye diski, tuiache imalize. Katika Windows 10, ukichagua "Connexion limitée", inapunguza kuvuta vitu vikubwa, na mega za simu haziishi upesi.

2. Virusi. Mwezi wa nane 2003 virusi Blaster iliingia katika kompyuta nyingi za dunia zenye Windows XP na Windows 2000. Mtu aliunganisha intaneti tu, bila kufungua kitu. Onyo likatokea, likahesabu sekunde 60, mashini ikajizima na kuwaka tena. Dawa yake Microsoft ilikuwa imekwisha kuitoa mwezi wa saba. Katika 2017 ilikuwa vile vile: dawa mwezi wa tatu, virusi WannaCry mwezi wa tano. Aliyeumia ni yule asiyechukua dawa. Tena tujue: Windows 7 ilikoma kupewa dawa za kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

3. Programu inayoongoza kifaa cha Wi-Fi. Kama ni ya zamani ao imeharibika, kioo kinakuwa cha buluu mara tu unapounganisha.

4. Umeme na joto. Kompyuta ikifanya kazi nyingi inakula umeme zaidi na kupata moto. Kama feni imejaa vumbi, ao batri ya sola ni dhaifu, inazimika paap, bila kuandika neno lolote.

Sasa, namna ya kutafuta:

Kwanza, ondoa intaneti, fanya kazi saa moja. Kama inajizima bado, kosa si intaneti. Angalia vumbi na umeme.

Pili, ikitulia, kopia kazi zako zote kwenye flashi. Flashi hiyo usiipeleke kwa rafiki kabla ya kuipima na antivirusi mpya, maana virusi inasafiri nayo.

Tatu, unganisha simu kwa kamba ya USB, usitumie Wi-Fi. Kama haijizimi tena, ugonjwa uko kwa Wi-Fi: ondoa programu yake, weka ile ya kiwanda kilichotengeneza kompyuta yenyewe.

Nne, kama haiwezi kutulia hata kidogo, iwashe kwa "Mode sans échec". Humo Windows inatumia vitu vya lazima tu. Ikitulia humo, mara nyingi kosa ni la programu fulani, si la chuma.

Tano, ikipona, chukua masahihisho siku yenye umeme wa kutosha. Umeme ukikatika katikati, Windows inaweza kuharibika kabisa.

Badilisha kitu kimoja kimoja, tena andika katika daftari maneno yote ambayo kioo kinaonyesha. Ukimfikia fundi na daftari hilo, hatabahatisha, nawe hutalipa franka za bure. Na kama yeye anasema ni lazima kufuta, umuulize kwanza: kazi zetu zimekopiwa wapi?